Kutafuta chuo kwa simu ya kiganjani: mwongozo wa udahili unavyoelekeza uchaguzi wa vijana wetu

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yakishatangazwa, nyumba nyingi za Buguruni hupitia majuma machache ya furaha iliyochanganyika na wasiwasi. Kijana amefaulu, majirani wamempongeza, na jina lake limetajwa kwenye jumuiya ndogondogo. Kisha linakuja swali ambalo hakuna aliyemwandaa kulijibu: aombe chuo gani, programu ipi, na kwa fedha ya nani? Kuanzia barabara ya Uhuru inapokutana na barabara ya Mandela hadi uchochoro wa mwisho wa Mnyamani, jibu la kwanza siku hizi hutafutwa mahali pamoja, yaani kwenye kioo cha simu.

Makala hii inakusudia kuwaeleza wazazi, walezi na vijana jinsi huduma hizo za kutafuta vyuo zinavyofanya kazi, zinavyoweza kumsaidia mwombaji, na zinavyoweza kumwelekeza pasipo yeye kujua. Hatuwaiti watu wauogope mtandao. Tunataka kila anayebonyeza kitufe cha kutuma maombi afahamu ni nini kilichomfikisha hapo.

Kutoka dirisha moja hadi madirisha mengi

Ili kuelewa hali ya leo, ni vema kukumbuka tulikotoka. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilianzisha mfumo wa pamoja wa udahili. Mwombaji aliingia kwenye mfumo mmoja, akapanga programu alizozitaka kwa kufuata upendeleo wake, kisha mfumo ukampangia chuo kwa kuzingatia ufaulu wake na nafasi zilizokuwapo. Faida yake ilikuwa wazi: ada moja ya maombi na mahali pamoja pa kuangalia. Kasoro yake nayo ilionekana, kwani baadhi ya vijana walijikuta wamepangiwa programu ambazo moyo wao haukuwamo.

Mwaka 2017 utaratibu huo ulibadilishwa. Tangu hapo, anayetafuta shahada ya kwanza huomba moja kwa moja katika chuo anachokitaka, na Tume imebaki na kazi ya kuweka vigezo, kusimamia ratiba ya awamu za udahili na kuhakiki majina ya waliochaguliwa. Kila mwaka hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili, kimoja kwa wenye sifa za Kidato cha Sita na kingine kwa wenye stashahada na sifa zinazolingana nayo. Humo mwombaji hukuta jina la programu na namba yake, masomo yanayotakiwa, alama za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Kwa ngazi za astashahada na stashahada, msimamizi ni Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), ambalo nalo hutoa mwongozo wake.

Mabadiliko hayo yalimrudishia kijana uhuru wa kuchagua, lakini uhuru huo ulikuja na mzigo. Kazi ya kulinganisha vyuo, iliyokuwa ikifanywa kwa sehemu kubwa na mfumo mmoja, sasa inafanywa na mtoto wa miaka kumi na tisa mwenye simu ya kuazima na kifurushi cha intaneti kinachokaribia kuisha. Hapo ndipo walipoingia wasaidizi wa kila aina: tovuti zinazonakili mwongozo na kuujaza matangazo, makundi ya WhatsApp, mawakala wa vyuo vya ndani na vya nje, na zaidi ya wote kijana wa steshenari mwenye kompyuta, anayejaza fomu kwa malipo.

Mambo matatu yanayoamua kabla ya kijana kuamua

Jambo la kwanza ni mpangilio wa orodha. Mwongozo wa udahili una mamia ya kurasa, na kuusoma wote kwenye kioo kidogo ni kazi ngumu. Kwa hiyo mwombaji husoma kilicho juu, hutafuta jina analolijua, au hufungua tangazo lililotangulia mengine. Programu nzuri iliyo katikati ya kitabu, katika chuo kisicho na fedha za kujitangaza, haikataliwi na mtu. Haionwi tu. Vijana wengi wanajua kwamba kuna udaktari, sheria, ualimu na uhasibu. Wachache wanafahamu kwamba kuna shahada za upimaji wa ardhi, maabara ya tiba, takwimu bima au teknolojia ya chakula, na kwamba tahasusi waliyosoma inaweza kuwa inawaruhusu kuziomba.

Jambo la pili ni gharama ya kuomba. Chini ya utaratibu wa sasa, kila chuo kina mfumo wake na ada yake ya maombi. Juu ya hiyo kuna malipo ya steshenari, ya kuskani vyeti na ya intaneti. Kwa familia inayoishi kwa mauzo ya siku pale sokoni Buguruni, tofauti kati ya kuomba vyuo viwili na kuomba vinne si ndogo. Matokeo yake kijana hupunguza idadi ya vyuo na kukimbilia kile anachodhani hakitamkataa.

Tusidhani kwamba hilo ni la kwetu peke yetu. Mwaka 1997 taasisi ya Marekani inayoendesha mtihani wa ACT iliwaruhusu wanafunzi kutuma matokeo yao bure kwenye vyuo vinne badala ya vitatu. Chuo cha nyongeza kabla ya hapo kiligharimu dola 6 tu. Mchumi Amanda Pallais alipochunguza yaliyofuata, alikuta kwamba wanafunzi walianza kutuma matokeo kwenye vyuo vingi zaidi, na kwamba wale wa familia zenye kipato kidogo waliishia katika vyuo vyenye ushindani mkubwa kuliko awali. Dola sita, na ile hali ya kuiona namba tatu kana kwamba ndiyo idadi inayofaa, vilikuwa vimewazuia watoto wa maskini kufika mahali walipostahili.

Jambo la tatu ni alama za mwaka uliopita. Nchini Kenya, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, KUCCPS, lililoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, huonyesha kwenye mfumo wake alama za mwisho zilizokubaliwa miaka iliyotangulia. Hapa kwetu, takwimu za namna hiyo husambaa kwa maneno ya mitaani: “chuo fulani hawachukui chini ya alama kadhaa.” Takwimu hizo zina faida, kwani humwepusha mwombaji kupoteza ada mahali ambapo hana nafasi. Lakini pia humtisha anayeweza. Alama ya mwisho ya mwaka jana ni matokeo ya ushindani wa mwaka jana, wala si sharti la mwaka huu. Sharti la chini kwa mhitimu wa Kidato cha Sita ni ufaulu wa masomo mawili katika ngazi ya principal, yenye jumla ya alama 4 katika masomo yanayohusiana na programu, ambapo A huhesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Baada ya hapo kila programu ina masharti yake ya ziada, na hayo husomwa katika mwongozo wenyewe. Kundi la WhatsApp si mahali pa kuyapokea.

Taarifa nyingi hazimnufaishi kila mtu sawasawa

Mtu anaweza kusema: basi tuwape vijana taarifa zaidi, na tatizo litakwisha. Uzoefu wa nchi zilizotangulia unatufundisha kuwa waangalifu. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitoa toleo jipya la tovuti iitwayo College Scorecard, inayoonyesha kwa kila chuo gharama, kiwango cha wanaohitimu na mapato ya wahitimu. Watafiti Michael Hurwitz na Jonathan Smith walichunguza athari zake. Walikuta kwamba ni taarifa za mapato pekee zilizobadili mwenendo wa wanafunzi, tena walioguswa zaidi walikuwa wanafunzi wa shule zenye uwezo. Taarifa za gharama na za kuhitimu hazikuonekana kuwabadilisha. Tovuti iliyokusudiwa kumwinua mnyonge ilitumiwa vizuri zaidi na yule aliyekuwa tayari na mwalimu wa kumshauri na mzazi aliyepita chuoni.

Jaribio jingine linagusa zaidi hali yetu. Watafiti wakiongozwa na Eric Bettinger walishirikiana na kampuni ya H&R Block, inayowasaidia watu kujaza fomu za kodi. Baadhi ya familia za kipato cha chini zilipewa maelezo tu kuhusu msaada wa fedha za masomo. Nyingine zilipewa maelezo na pia zikasaidiwa kuijaza fomu ya msaada huo papo hapo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, wale waliosaidiwa kujaza fomu waliendelea na chuo kwa kiwango kikubwa zaidi. Wale waliopewa maelezo matupu hawakuonyesha tofauti.

Fundisho hapa ni zito. Aliyekosa chuo mara nyingi hakukosa taarifa. Alikosa mtu wa kuketi naye hadi fomu iishe. Na kwa Buguruni, mtu huyo kwa kawaida ni kijana wa steshenari.

Mwenye kompyuta na namba ya simu

Tusimhukumu. Kwa malipo kidogo anafanya kazi ambayo shule, ndugu na hata sisi wanaparokia hatukuifanya. Wengi wao wanaijua mifumo ya vyuo kuliko walimu. Hata hivyo analipwa kwa kila fomu, na nyuma ya mwombaji mmoja kuna foleni. Haulizi kijana anapenda nini wala mama anaweza kulipa nini. Anauliza: “Una tahasusi gani? Una alama ngapi?” Kisha anachagua kile anachokijua kwamba kinapita.

Tumfikirie binti mmoja, kwa mfano tu. Amesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, amepata alama za wastani. Mama yake anauza mboga sokoni. Anafika steshenari siku tatu kabla ya dirisha kufungwa. Kwa kuwa hana barua pepe, mwenye kompyuta anamfungulia moja kwa haraka, anaandika namba yake mwenyewe ya simu ili ujumbe usipotee, na kumwombea vyuo viwili. Binti anachaguliwa na vyote viwili. Hapo ndipo shida inapoanza. Anayechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa kutumia namba maalumu ya siri, inayotumwa kwenye simu au barua pepe iliyoandikwa wakati wa kuomba. Ujumbe umefika kwenye simu ya mtu mwingine, aliye na ujumbe wa waombaji wengi wengine. Muda wa kuthibitisha ukipita bila yeye kujua, nafasi aliyoipata kwa miaka ya kusoma usiku inaning’inia kwa sababu ya tarakimu chache.

Ndiyo maana Tume imekuwa ikiwaasa waombaji kuwasiliana na vyuo moja kwa moja, na kuepuka wanaojiita mawakala au washauri wa udahili. Ushauri huo ni sahihi. Lakini kwa asiye na kompyuta wala uzoefu, “wasiliana na chuo moja kwa moja” ni maneno yanayohitaji mtu wa kumsindikiza.

Gharama isiyoandikwa kwenye orodha

Katika Injili ya Luka, Bwana Yesu anawakumbusha wasikilizaji wake kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza. Mfano huo unahusu ufuasi, lakini busara yake inafaa mezani kwa kila familia inayochagua chuo.

Ada ni sehemu tu ya gharama. Kijana wa Buguruni anayesoma Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu (DUCE) pale Chang’ombe anaweza kulala nyumbani na kulipa nauli ya daladala. Akichaguliwa Mwanza, Mtwara au Moshi, familia lazima ihesabu usafiri, pango, chakula na likizo. Hilo halimaanishi kwamba chuo cha mbali kisichaguliwe. Vyuo vikuu vya Kanisa, kama Mtakatifu Augustino (SAUT) na kile cha afya cha Bugando vilivyoko Mwanza, Mwenge kilichoko Moshi na Ruaha kilichoko Iringa, vimewapokea watoto wengi wa Dar es Salaam wakaenda na kurudi na elimu bora. Tunachosema ni kwamba hesabu ifanyike kabla ya kuomba, si baada ya kuchaguliwa.

Mkopo nao una utaratibu wake, tofauti na ule wa udahili. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, hupokea maombi yake kwenye mfumo wake na kwa tarehe zake. Ada ya kuomba mkopo kwa miaka kadhaa imekuwa shilingi 30,000. Mwombaji huhitaji, pamoja na mengine, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na mdhamini. Anayechaguliwa chuo bila kuomba mkopo kwa wakati hana cha kutegemea, na anayepata mkopo hana uhakika kwamba utagharimia kila kitu. Wanafunzi wa vyuo visivyo vya serikali vinavyotambuliwa nao wanaruhusiwa kuomba, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, nao huvifuta vyuo hivyo katika orodha bila sababu.

Kuna pia suala la uhalali. Mwaka 2017 Tume ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa sababu ya ubora, pamoja na programu kadhaa katika vyuo vingine. Hali ya chuo hubadilika: kilichozuiwa mwaka mmoja huweza kurekebisha kasoro na kuruhusiwa baadaye. Ukurasa wa mtandaoni ulionakiliwa miaka mitatu iliyopita haujui hayo, bali unaendelea kutangaza programu isiyokuwapo. Kwa anayeshawishiwa kwenda nje ya nchi, aulize kwanza Tume kama chuo hicho kinatambuliwa, maana ndiyo inayotambua na kulinganisha tuzo za vyuo vya kigeni. Swali hilo ni nafuu likiulizwa kabla ya tiketi kukatwa.

Parokia, familia na kijana wafanye nini

Yapo mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, kijana awe na namba yake ya simu na barua pepe yake mwenyewe kabla ya matokeo kutoka, na nywila aiandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Akienda steshenari, ziandikwe hizo.

Pili, apakue mwongozo kutoka tovuti ya Tume au ya NACTVET, ule wa mwaka husika. Achague kwanza kwenye karatasi, akiwa nyumbani, programu tano au sita zinazomfaa. Steshenari iwe mahali pa kujaza tu, pasiwe mahali pa kuchagua.

Tatu, katika orodha yake iwemo programu anayoitamani hata kama ushindani ni mkubwa, zile zinazolingana na ufaulu wake, na moja yenye uhakika zaidi. Anayeomba zenye uhakika tu amejikataa kabla hajakataliwa.

Nne, familia iketi jioni moja na kuhesabu ada, pango, nauli na chakula kwa mwaka mzima, na kuandaa mapema nyaraka za mkopo. Pia ajizoeze kuhudhuria maonesho ya vyuo vikuu, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Kutoka Buguruni ni mwendo mfupi kwa daladala, na pale mtu huuliza maswali ana kwa ana bila kulipa wakala.

Tano, na hili ni letu sote, parokia inaweza kutenga Jumamosi mbili wakati wa dirisha la maombi. Katika kila parokia wapo wanafunzi wa vyuo, walimu, wahasibu na watumishi wa umma. Kompyuta mbili ukumbini na watu wanne wenye subira wanatosha kuwasaidia vijana kujaza fomu hadi mwisho, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, kwa kuwa shida ni moja. Tumeona kwamba huko kwingine ni msaada wa namna hii, kuliko vipeperushi, uliobadili maisha.

Hatimaye, tukumbuke kwamba kuchagua chuo ni sehemu ya kuutambua wito. Katika Wosia wa Kitume “Christus Vivit” wa mwaka 2019, Baba Mtakatifu Fransisko alitenga sura mbili za mwisho kwa ajili ya wito na mang’amuzi, akiwataka wanaowasindikiza vijana kujifunza kwanza kusikiliza. Hakuna mfumo wa kompyuta unaouliza kijana anaposahau njaa akifanya kazi gani, wala ni mateso gani ya jirani yanayomgusa. Mwongozo utamwambia anakoruhusiwa kwenda. Swali la anakoitwa linahitaji mzazi, mwalimu, padre au katekista aliye tayari kuizima simu yake kwa nusu saa na kumsikiliza.